Nambari ya Bamvua

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mashine mpya ya kikundi cha wafuga kaa wa Dabaso iliandika mstari mmoja tu kwenye kioo: aina nambari 16402 haijulikani.

Zipporah aliusoma mara mbili. Nyongeza ya programu iliyokwama hapo aliiandika mwenyewe kwa lugha ya C, ili hifadhidata ya kikundi ielewe aina mpya ya data aliyoiita bamvua, kwa jina la maji makuu ya mwezi: siku ya mwezi mwandamo pamoja na kimo cha maji, vile wafugaji wenyewe wanavyohesabu. Kwenye kompyuta yake haikuwahi kukwama. Na leo ndipo kikundi kilipokuwa kinamchagua mtunza mitambo: yeye, au Shoeb, mwalimu wake kutoka Kilifi mjini.

"Imekufa?" akauliza Mama Kadii, mwenyekiti.

"Haijafa, mama. Inatafuta kitu, haikioni."

"Basi ni kama mzee wangu na miwani yake, nayo iko puani."

Wanakikundi wakaangua kicheko. Shoeb akavuta kiti.

"Mniruhusu nami nijaribu nyongeza yangu ya bamvua."

Yake ikafunguka, na vimo vya maji vikateremka safu kwa safu. Watu wakapiga makofi.

Zipporah alisimama nyuma ya bega la mwalimu wake akasoma alichoandika. Shoeb hakuweka nambari yoyote. Programu yake ilianza kwa kuitafuta bamvua kwa jina, ndipo mashine ikaijibu: 16389. Aina zinazokuja na hifadhidata zina nambari za kudumu. Aina unayoiunda mwenyewe hupewa nambari palepale inapoundwa, na kila mashine hutoa yake; ile 16402 aliyoiandika Zipporah ilitoka kwenye kompyuta yake.

Wakati wa Ramadhani Zipporah alikuwa amemuuliza Shoeb kama nambari hiyo hubadilika, dukani kwa kaka yake Shoeb. "Andika nambari unayoiona," Shoeb alimjibu, "haibadiliki." Zipporah hakwenda kuthibitisha. Alivyolelewa Kaloleni, jibu la mwalimu halipelekwi kupimwa kwa mtu mwingine.

"Mwalimu," alisema polepole, "uliniambia haibadiliki."

"Kwenye mashine yako haibadiliki."

"Nilikuuliza mashine zote."

"Vitabu vipo, Bi Zipporah. Nani alikuzuia kufungua?"

"Ulijua?"

Shoeb alitazama kioo, si uso wake. "Nilijua. Nafasi ni moja."

Zipporah alirudi kwenye kiti chake. Akaifuta nambari, akaandika mistari ya kutafuta kwa jina, akaijenga nyongeza upya na kuiwasha. Vimo vya maji vikateremka, vilevile kama vya Shoeb.

"Mama Kadii, njoo utazame."

Mama Kadii alikuja, akainama, akatazama hadi safu ya mwisho.

"Yako nayo imeamka, mwanangu. Lakini ulipokuwa umeinamia hapo, watu wameshanyoosha mikono."

Kisha akavuka chumba, akampa Shoeb ufunguo wa chumba cha mashine.