Shemeji wa Odilon

Kwa kawaida Odilon alivuka vizuizi vya Port-au-Prince kwa mdomo. Anashusha vioo, anawasha taa ya ndani, anatambaa kama konokono, kisha anawatupia wenye silaha utani mmoja, wanacheka, gari la wagonjwa linapita. Magenge yalicheka, polisi walicheka, na sungusungu wa mtaani kwake Ti Fontèn walicheka kuliko wote, maana walimjua tangu akiwa na kamasi.

Mchana ule hawakucheka.

"Zima gari," alisema Fundi Antenò, kiongozi wao, seremala aliyemtengenezea Odilon kitanda cha harusi. Siku hizi randa ilipumzika; alishika panga.

"Fundi, kile kitanda kinapiga kelele, majirani wanalalamika."

"Nani huyo nyuma?"

Nyuma alilala kijana mwenye risasi tumboni, waliyemwokota njia panda karibu na ngome ya genge. Hana kitambulisho, hana simu, hajitambui. Mis Jesula, muuguzi, alikuwa amekandamiza kitambaa juu ya kidonda kwa mikono yote miwili na hakuthubutu kuachia.

"Ni mgonjwa," alisema Mis Jesula. "Sisi hatuulizi mtu katoka wapi."

"Sisi tunauliza," alijibu Antenò kwa upole, na ule upole ndio uliomtia Odilon ubaridi mgongoni. Mwezi uliopita genge lilichoma nyumba za mtaa wa chini, mtoto wa Antenò akiwa ndani. Tangu hapo, mgeni asiye na wa kumdhamini hakuvuka kizuizi kile akiwa hai. Na aliyemdhamini mtu wa genge alizikwa naye shimo moja.

"Nani anamjua huyu?" Antenò akauliza.

Odilon alifungua mdomo atoe utani, ukatoka uongo.

"Mimi. Ni shemeji yangu. Mdogo wake Woslin."

"Basi vizuri. Woslin si yuko pale konani anakaanga ndizi? Mwiteni."

Odilon alitamani ardhi immeze pamoja na gari. Mkewe akaja akijifuta mafuta kwenye kanga.

"Odilon, umeharibu nini tena?"

"Wewe kimya," Antenò akamwambia Odilon, akasimama katikati yao ili wasitazamane. "Mama, chungulia humo. Mumeo anasema ni mdogo wako. Unamjua?"

Woslin akachungulia. Akautazama uso wa yule kijana, miguu yake isiyo na viatu, mikono ya Mis Jesula iliyolowa damu. Halafu akageuka, akampita Antenò, akamzaba mumewe kofi lililosikika hadi konani.

"Nilikwambia usimwache atoke peke yake! Mtu katoka Jérémie juzi, hata njia hajui! Mama nitamwambia nini?" Akapanda nyuma, akakiweka kichwa cha kijana mapajani. "Fenel. Fenel, mdogo wangu."

Antenò aliwatazama mmoja mmoja. Panga lake halikutikisika.

"Akipona, huyo Fenel aje anisalimie," alisema. "Kwa miguu yake. Na nyinyi wawili mje naye."

Matairi ya kizuizi yakasogezwa. Odilon aliingiza gia mara mbili ndipo ikakubali.

"Ni nani huyu?" Woslin aliuliza walipopita kona.

"Sijui."

"Hujui."

"Sijui, mke wangu."

"Na kama ni mmoja wao?"

Odilon akapunguza mwendo. "Yule mzee ana mtoto kaburini," Woslin alisema taratibu. "Na sisi tunao wawili nyumbani. Haya, endesha."

Hospitalini daktari alitoka mbio mlangoni. "Damu tuliyonayo haitoshi, lazima ndugu wamtolee. Ndugu zake ni nani?"

Woslin alikuwa ameinama juu ya machela, maana kijana alikuwa amefumbua macho.

"Nisikilize," alimnong'oneza. "Wewe ni Fenel. Mdogo wangu, kutoka Jérémie. Yeyote atakayekuuliza, wewe ni Fenel. Umesikia?"

Kijana alimkodolea macho mwanamke asiyemjua. Midomo ikacheza. Odilon akasogeza sikio.

"Wenzangu," kijana alisema. "Wenzangu wako wapi?"

"Ndugu zake ni nani?" daktari akarudia. "Tunachelewa."

Woslin alimwangalia mumewe. Kisha akapandisha mkono wa gauni, akamfuata daktari.