Udongo wa Chini Yake

Gome lilibanduka mkononi mwa Yuzhi kama ukoko wa uji, na ndani mti ulikuwa mweusi. Huo ulikuwa mtufaha wa sita kufa tangu majani yachipue. Wa saba ulikwisha ota vipele.

"Umeilisha miti mbolea?" sauti ya Delu ikauliza nyuma yake.

Hakugeuka. Mumewe alikuwa na miaka minne kaburini, pale pale kwenye kona ya shamba, na kila Yuzhi alipoinamia shina alimsikia. Miaka ishirini na miwili Delu alipandisha magunia ya urea kilimani kwa mgongo, maana kijiji kiliamua: asiyechukua mgao wake wa mbolea, matufaha yake hayapokelewi ghalani. Mgao ulitoka dukani kwa mpwa wa Mou, katibu wa kijiji. Nani angemfunga paka kengele? Delu akamwaga, akapewa na bendera nyekundu ya mkulima hodari. Hodari kweli, masikini.

Yuzhi alipeleka mjini udongo wa shambani na wa pale kaburini ukapimwe. Karatasi ikasema wa shambani umechacha: urea imemaliza chokaa yake, na madini ya manganizi yamezidi hadi yanaitia miti sumu. Aache urea, atie chokaa na samadi. Akaenda nayo ofisini kuomba asamehewe mgao, shamba lisimfie mkononi.

Katibu Mou aliisoma mara mbili, taratibu.

"Shemeji, nani kakutuma upime?"

"Miti, Katibu. Inakufa."

"Na huu udongo wa kaburini, mbona mzima?"

"Pale hatukutia kitu. Tangu enzi za baba mkwe pametengwa pawe makaburi yetu. Utammwagiaje marehemu urea kichwani?"

Katibu akacheka, akammiminia chai. "Basi umejipalia makaa mwenyewe. Ardhi ya kijiji mlipewa nzuri, kaburi linashuhudia. Mkataba unasema aliyeharibu udongo anarudisha shamba."

"Tulitia mlichotuambia tutie."

"Tuliwaambia mtie. Tuliwaambia mharibu? Kunywa chai, shemeji, inapoa."

Hakuinywa. Alitoka akiwa na hasira hata njia haioni, na karatasi yake ikabaki mezani kwa Katibu.

Shamba akapewa yule mpwa. Miti yote ing'olewe, ipandwe michanga, na Yuzhi akapewa siku tatu amhamishe mumewe. Siku ya tatu alichimba mwenyewe, kwa jembe lake, mchana kweupe. Udongo ulikuwa laini, una nyungunyungu; miaka mingi hakuwa ameuona wa namna hiyo.

Vibarua wa mpwa walikuwa wamepanga mikokoteni nyuma yake, wakingoja kuupeleka kwenye mashimo ya miche. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao, alipoona jembe limegonga mbao za jeneza, alivua kofia akamsogelea.

"Polepole, mama," akasema kwa heshima. "Usiuchanganye na wa juu. Katibu kasema mzuri zaidi ni ule wa chini yake."