Maili za Kamila

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa kusahihisha. Ukiniambia gari imeharibika, nitakuambia "limeharibika" kabla sijakuuliza kama umeumia. Nimeendesha mabasi Stockholm miaka thelathini na moja, na kila abiria aliyenisalimia kwa Kiswahili kibovu alishuka na somo la sarufi. Mke wangu Clementina anasema nitazikwa na kalamu nyekundu mkononi.

Binti yetu Kamila alizaliwa hapahapa. Alipokuwa mdogo alikiongea Kiswahili, cha kuvunjikavunjika lakini kingi. "Baba, ona mlima kubwa!" Nami papo hapo: "Mkubwa, Kamila. Mlima mkubwa." Alipofika miaka tisa akaanza kunijibu kwa Kiswidi. Nikasema ni mambo ya shule. Watoto wote wa Alby, mtaa wetu, ndivyo walivyo, unamwuliza mmoja kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiswidi, na chakula kinaliwa vilevile.

Desemba iliyopita moyo ulinigomea. Namshukuru Mungu nilikuwa nimekwisha kuegesha basi. Madaktari wakanitia kijimrija cha chuma kwenye mshipa, wakanirudisha nyumbani, na tangu siku hiyo nikageuzwa yai. Clementina alificha chumvi. Kanisani wanaume niliolingana nao umri waliniletea kiti. Kamila alikuja kila Jumapili kutoka Husby, upande wa pili wa jiji, akakaa pembeni yangu kwenye kochi.

Katika kulala kule nilianza kutazama video za watu wanaozunguka vijijini Uingereza kwa baiskeli. Sijui ziliniingiaje kwenye simu. Barabara nyembamba, kuta za mawe, vilima vya kijani vinapanda na kushuka mpaka mwisho wa macho, na mtu na mizigo yake nyuma ya baiskeli anahema kupandisha. Nilikulia Karagwe, na milima ile naijua. Nilipanda na kushuka miaka saba kwenda shule kwa baiskeli ya baba yangu isiyo na gia hata moja. "Ona, Kamila," nilimwambia siku moja. "Hii ni Karagwe, wameweka kondoo tu." Akacheka, akasogea, tukatazama pamoja mpaka betri ikaisha.

Mwezi wa tatu daktari aliniruhusu kuendesha baiskeli. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikanunua iliyotumika, yenye gia ishirini na moja, nikaanza kuzunguka ziwa letu la Alby. Siku ya kwanza nilisimama mara sita. Kufikia Mei nilikuwa naupanda mlima wa Flottsbro, ule ambao watu huuteremka kwa ski wakati wa baridi, bila kushuka. Sikumwambia mtu. Nilitaka waone wenyewe kwamba mimi si yai.

Basi Jumapili moja, baada ya ndizi na maharage, Kamila akaweka karatasi mbele yangu.

"Varsågod, pappa," akasema. Karibu, baba.

Ilikuwa ratiba ya safari. Siku sita Yorkshire, mimi na yeye, kwa baiskeli, mwezi wa saba. Moyo wangu, mrija na yote, uliruka. Nikaanza kusoma. *Siku ya kwanza: Settle mpaka Hawes. Mlima kubwa.*

Mkono wangu ukaenda kwenye kalamu wenyewe. Nikaongeza "m" kabla ya "kubwa". Ndipo nikaona mstari uliofuata. *Maili nne.* Siku ya pili, maili nne. Ya tatu, maili tatu, *Baba apumzike*.

Maili nne! Maili nne hazifiki hata kilometa saba. Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilikwenda maili nne kununua chumvi. Kulizunguka ziwa tu mara moja napita hapo. Kumbe mwanangu wa kuzaa alikuwa ananipeleka Uingereza kunikokota kidogokidogo kama mgonjwa anayezoeshwa kutembea wodini, na jioni anivike blanketi.

"Nenda na Liam," nikasema. Liam ni mchumba wake, kijana mzuri, miguu mirefu.

"Va?" Nini?

"Mpeleke Liam. Na baiskeli yangu achukue. Mimi mtanitafutia kiti cha magurudumu."

Kamila alinitazama, akaitazama ile "m" niliyoiandika. "Okej, pappa," akasema. Akavaa viatu taratibu, akaenda kituoni.

"Baba Kamila, una nini?" Clementina aliuliza.

"Sina kitu."

"Hata kusoma hujamaliza."

Ni kweli. Nyuma ya karatasi kulikuwa na ramani, sikuigeuza. Mtu mwenye hasira hasomi ramani. Siku nne nilizunguka nyumbani nimevimba, Clementina akaniacha nivimbe. Usiku nilikuwa naumia, nasema waziwazi. Niliitaka safari ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu tuhamie nchi hii. Lakini niende nikiwa mtu, si mzigo.

Alhamisi Kamila akatuma ujumbe, kwa Kiswidi, kwamba atakuja baada ya kazi kuchukua baiskeli, maana Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kulipia tiketi na lazima wajue kama Liam anaiweza. Nikashuka chini, kwenye chumba cha baiskeli cha jengo letu, kuijaza upepo. Angalau aipate ikiwa imetunzwa. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya tairi, napaka mafuta mnyororo, niliposikia sauti yake kwenye ngazi. Alikuwa anaongea kwenye simu na Liam.

"Nej, Liam, han orkar visst. Fyra mil om dagen. I backar."

Hapana, Liam, anaweza kabisa. Mil nne kwa siku. Milimani.

Mkono wangu ulisimama kwenye mnyororo. Waswidi wana kipimo chao, mil, na mil moja ni kilometa kumi kamili. Miaka thelathini na moja naendesha basi kwa vipimo hivyo. Mtoto aliyezaliwa huku, akitaka kuandika mil kwa Kiswahili, ataandika nini? Ataandika maili. Nani aliwahi kumwambia kwamba maili ni kitu kingine? Mimi, mwalimu mkuu wa sarufi, nilimfundisha ngeli zote na hilo sikumfundisha.

Kilometa arobaini kwa siku. Juu ya milima ya Yorkshire.

"Pappa är starkare än du," aliendelea. Baba ana nguvu kuliko wewe. Kisha sauti yake ikashuka. Akamwambia kwamba aliiandika ratiba kwa Kiswahili. Wiki tatu, na kamusi, kwa sababu alitaka walau mara moja aongee na mimi kwa lugha yangu kabla... hakumalizia kabla ya nini. Akamwambia kwamba mimi niliisahihisha.

Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Hasira hasara, tunawaambia watoto, halafu tunaendelea na zetu.

Nilitoka pale nilipokuwa, mikono myeusi kwa grisi. Alishtuka, simu ikashuka.

"Mwanangu," nikasema, "maili ni kilometa ngapi?"

Alinitazama akitafuta mtego. Alijua tu kwamba baba anakuja na somo jingine. "Tio," akasema. Kumi.

"Ni moja na nusu na kitu. Ya Waingereza. Na ndiyo maili yetu pia."

Niliona hesabu ikipita usoni mwake. Nne mara moja na nusu. Akaweka mkono mdomoni. "Men pappa!" Lakini baba! "Ulifikiri..." Na hapo, bila kujua, alikuwa ameanza kuongea Kiswahili. "Ulifikiri mimi nataka wewe endesha kilometa sita?"

"Nilifikiri unaniona mgonjwa."

"Mimi?" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Mimi naambia watu wote baba yangu ni simba!"

Nikamkumbatia, na grisi ikaingia kwenye koti lake, na hakuna aliyejali. Kisha nikaitoa ile karatasi mfukoni. Ndiyo, siku zote nne nilikuwa natembea nayo. Nikaigeuza upande wa ramani kwa mara ya kwanza, tukaikunjua juu ya kiti cha baiskeli. Nikafuata kwa kidole ile barabara, nikahesabu mistari ya vilima ilivyobanana, na nitasema ukweli wote. Niliogopa. Siku nne nililia kwamba mtoto ananidharau, kumbe alikuwa amenipa mzigo wa kijana wa miaka thelathini, tena bila wasiwasi wowote.

"Kamila," nikasema polepole. Tangu Desemba nilikuwa sijamwambia mtu neno la namna hii. "Nne ni nyingi. Siziwezi bado."

Hakuniletea kiti. Alifuta macho, akachukua kalamu kwenye mfuko wa shati langu. "Tatu?"

"Tatu."

"Tatu za Waingereza au za mimi?"

"Zako."

Akaandika. Kisha kidole chake kikapanda taratibu kwenye barabara ya siku ya pili, pale mistari ilipobanana kabisa, kikasimama.

"Lakini hapa, Baba, hapa hakuna njia nyingine. Hapa iko mlima kubwa. Mlima kubwa sana."

Nikautazama mlima ule kwa makini.

"Kubwa sana," nikasema.