Kipande cha Papa

Kwa miaka kumi na moja kipande cha mgongo wa papa kilikuwa chake. Mdogo wake, mkata samaki gatini, alikifunga kwenye mfuko na kumletea mlangoni kila Ijumaa. "Dada, haki yako hii." Dada ndiye aliyemlea mdogo wake tangu ana miaka sita, kwa hiyo hakuona kama ni hisani. Kisha mdogo mtu akaoa, mke akapata mimba, na kipande kikahamia kwa wifi.

Wivu ukamshika dada mtu, tena si wa mchezo. Njaa haikuwemo, alikuwa mpimaji wa maabara ya samaki, na pesa ya kitoweo alikuwa nayo. Kilichomchoma roho ni kumwona wifi kajilaza kwenye kochi, akiitwa "malkia" na yule yule aliyefutwa makamasi na yeye. Na mdomo wake haukuwa na breki. "Siku hizi ukitaka kupendwa ubebe tumbo," aliwaambia majirani, na mtaa mzima ukajua.

Sasa, samaki mkubwa akishushwa gatini, kipande kidogo hupelekwa maabara, na mwili hungoja majibu kwenye barafu. Lakini wakataji hawangoji. Kipande chao cha haki hukiondoa mapema.

Ijumaa moja mashine mpya ya kupima zebaki ilisoma, kwenye kipande cha papa, mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Dada mtu akabadilisha chupa, akapima tena. Namba ile ile. Mkuu wake akasema lazima maabara kuu ithibitishe kwanza, miezi miwili hivi, na mpaka hapo mtu yeyote asitangaze. Wifi alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Alifika kwa mdogo wake anahema. Kipande kilikuwa kwenye sinia, kimeshapakwa chumvi.

"Msile hicho! Kina zebaki. Inamwingia mtoto kwenye ubongo akiwa bado tumboni. Uchemshe, ukaange, haitoki."

Wifi akacheka mpaka akashika kiuno. "Jamani wifi! Sema tu unakitaka."

"Majibu haya hapa."

"Si unayaandika mwenyewe?"

Mdogo wake hakuigusa hata karatasi. "Dada, basi. Wivu umezidi sasa."

Aliwatazama wote wawili. Maneno yote aliyowahi kusema mtaani yalikuwa yamekaa pale sebuleni kumsubiri, na hakuwa na wa kumlaumu. Kwa ukweli hatapata kitu hapa. Akavuta pumzi.

"Haya, ndiyo, naona wivu. Nimekulea mimi, si yeye. Kipande ni changu, leo na kila Ijumaa, mpaka huyu ajifungue. Hutaki, usiniite dada tena."

Wifi akalisukuma sinia. "Mpe, asije akalogwa mwanangu kwa ajili ya samaki."

Tangu siku hiyo mtaa ulimsema kuwa ni yule anayempokonya mjamzito chakula. Aliwaacha waseme. Kila Ijumaa mdogo wake alikuja na mfuko, na kila Ijumaa yeye aliutupa kwenye pipa la taka za maabara.

Wivu nao haukwenda popote. Kila akifungua mlango alisubiri kidogo, asikie "Dada, haki yako hii." Mdogo wake aliuweka mfuko chini, akageuka, akaenda zake.