Daftari la Mema Matatu

Kwa jina la Mola asiyesinzia wala kuchoka, aliyewaumba waja wake dhaifu na akawapa usingizi uwe pumziko lao. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake mpole, jamaa zake na maswahaba zake.

Watu wa habari hii ni hawa. Wa kwanza ni Daktari Nassibu, mganga mkuu wa hospitali moja ya watu binafsi iliyobanwa na maduka ya vitenge, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Mzaliwa wa Magomeni, mwenye sauti ya upole ambao haukufika moyoni. Wa pili ni Daktari Kasmir, mtu wa Masasi, mwepesi wa mzaha na asiyejua kunyamaza. Wa tatu ni Daktari Sitara, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani huko huko Magomeni, aliyekuwa akiwazalisha wanawake wa Kariakoo na Buguruni kwa mwezi wa kumi na moja bila likizo. Alilolitaka Sitara lilikuwa moja tu: siku saba za kulala.

Ombi lake lilikuwa mezani kwa Daktari Nassibu tangu mwezi wa Rajabu. Mwezi uliofuata akaja mtaalamu wa saikolojia chanya, akaendesha semina ya siku mbili juu ya madaktari wanaoungua kwa kazi. Aliwaambia wakubwa mambo mawili: wapunguzieni zamu; kisha, wakishapumzika, wafundisheni kuandika kila siku mema matatu waliyoyaona, kwani moyo uliozoea kuyatazama mema hauchakai upesi. Daktari Nassibu akalichukua la pili. La kwanza akaliacha ukumbini pamoja na chupa tupu za maji.

Kila daktari akapewa daftari. Kila asubuhi, kabla ya ripoti ya wodi, alisimama akasoma mema yake kwa sauti. Chini ya ukurasa palikuwa na swali moja, "Leo u hali gani?", na nafasi ya kutia alama, moja hadi kumi.

"Baada ya siku thelathini," akasema Daktari Nassibu, "madaftari haya ndiyo yatakayoniambia nani apewe likizo."

Sitara alilelewa katika nyumba ambamo mtu akiulizwa hali hujibu kwanza, "Salama, alhamdulillahi," hata maiti ikiwa ukumbini. La msiba huja baadaye, muulizaji akiuliza mara ya pili. Basi akaandika kumi. Kesho yake akaandika kumi, akingoja kuulizwa mara ya pili. Daftari halikuwa na swali la pili.

Kasmir akamcheka kwenye chai. "Dada Sitara, wewe hata ukichinjwa utasema kisu kilikuwa kisafi."

"Na wewe umeandika nini?"

"Jema la kwanza: lifti imekufa, nimepanda ngazi, nimejua miguu ningali nayo. La pili: nimeanguka mara moja tu. La tatu nalitafuta mpaka sasa."

"Utajiponza, Kasmir."

"Nimeulizwa, nimejibu. Ninyi watu wa pwani mnaulizwa hali mnajibu adabu."

Siku ya thelathini Daktari Nassibu aliwakusanya wote. Akalisoma daftari la Kasmir kwa sauti yake ile ya upole, ukurasa baada ya ukurasa, hata wauguzi wakainamisha vichwa. "Wastani ni mbili," akasema. "Huyu ni sumu kwa wenzake. Mkataba wake unakoma leo." Kisha akalinyanyua daftari la Sitara. "Kumi kwa siku thelathini! Mwenye furaha kiasi hiki likizo ya nini? Atazichukua zamu za Kasmir mpaka tumpate mwingine. Mpigieni makofi."

Wakampigia.

Sitara akamfuata ofisini. "Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, al—" Akajikatiza. "Daktari, zile kumi zilikuwa adabu. Nilijibu kama nilivyolelewa. Wewe unatujua."

"Nawajua. Tumelelewa mtaa mmoja."

"Basi ulijua tangu siku ya kwanza kwamba sisemi hali yangu."

"Nilijua." Akatabasamu. "Lakini mtaalamu hajui, na wenye hospitali hawajui. Wao wanasoma tarakimu. Nenda wodini, mwanangu. Na kesho usisahau kuandika."

Siku ya tisa baada ya hapo, saa nne ya asubuhi, alijifungua Chiku, muuza khanga wa Kariakoo. Mtoto alilia vizuri, lakini mama alitoka damu nyingi. Sitara akampa dawa, damu ikapungua, akavuta kigoda ili amwangalie kwa robo saa. Muuguzi aliitwa kitanda kingine. Nje wachuuzi walinadi bei kwa vipaza sauti, jua limejaa dirishani, na Sitara, aliyekuwa kazini saa thelathini na moja, akalala akiwa ameketi, mkono wake juu ya kifundo cha mkono wa Chiku. Damu ikarudi kimya kimya chini ya khanga. Muuguzi alipoingia, mkono wa Chiku ulikwisha kupoa.

Kikao kiliitwa kesho yake. Daktari Nassibu alikaa na karatasi zake, na mbele yake Idrisa, mume wa marehemu, mpakiaji mizigo wa Msimbazi, amempakata mtoto kama mtu aliyepewa asichojua kukishika.

"Daftari la Daktari Sitara hili hapa," akasema Daktari Nassibu. "Asubuhi ile ile ameandika kumi. Kwa hiyo si uchovu. Ni uzembe."

Idrisa hakulitazama daftari; alimtazama Sitara. "Daktari, hujambo?"

"Sijambo," akasema Sitara.

"Nakuuliza tena. Hali yako ikoje?"

Sitara akashindwa kujizuia, akalia mbele za watu. "Nimechoka, kaka yangu. Nimechoka tangu mwaka jana. Nililala, mkeo akafa. Nisamehe."

Idrisa akafumba macho. Aliyejibu ni kalamu ya Daktari Nassibu, ikienda taratibu juu ya karatasi. "Amekiri," akasema, huku akiandika, "kwamba alimhudumia mgonjwa akijijua hafai, na akadanganya kwa maandishi siku thelathini na tisa. Barua itakwenda kwenye baraza la madaktari leo hii." Akaifunika kalamu. "Poleni sana, wafiwa."

Sitara akavuliwa koti jeupe pale pale. Idrisa akatoka na mtoto kwenye jua la Kariakoo, akiuliza kila mwanamke wa dukani mahali pa kupata maziwa.

Ewe Mola, mrehemu Chiku na ulipanue kaburi lake. Mlee mtoto aliyebaki, na baba yake umtie nguvu. Mpe Sitara usingizi usio na ndoto, na Kasmir riziki mahali pasipoogopa kweli. Na wale waliobaki katika wodi ile, ambao kesho watasimama na madaftari yao, wape mtu atakayewauliza hali mara ya pili. Amina.