Mwendo wa Kuzungumza

Kasmiri alikuwa mwana wa Shigela, na Shigela mwana wa Salu wa Shishiyu, yule aliyenywesha mifugo ya majirani katika lambo lake mwaka wa ukame bila kusubiri kuombwa. Katika ukoo huo hapakutokea mtu aliyetoa neno kisha akalikana. Nyanjige alipoolewa humo, wazazi wake walilala usingizi mnono.

Walipokwisha kustaafu ualimu mjini Bariadi, wote wawili walipatikana na sukari. Daktari aliwaagiza watembee pamoja kila asubuhi.

"Nendeni mwendo wa kuzungumza," alisema. "Mkishindwa kuzungumza, mmezidisha."

Kasmiri alitii. Alishika barabara ya Lamadi, kifua mbele, miguu mirefu, akizungumza njia nzima. Nyanjige, mwenye goti lililovimba, alifuata nyuma, na kabla hajayafikia maduka mumewe alikuwa amekwisha kupotea machoni.

Maneno ya Kasmiri hayakwenda naye. Yalibaki pale yaliposemwa, kimo cha kinywa chake, na kila aliyeyafikia aliyasikia. Wachunga ng'ombe walioikuta salamu yake ya asubuhi, "Mwangaluka", njia panda waliiitikia kwa adabu, wakaendelea na mifugo yao.

"Mama Specioza, mzee kapita zamani," alisema Asumini, mwenye duka la kanga, ufagio mkononi. "Kakuachia 'Kaza mwendo' hapa mlangoni. Nimelifagia mara mbili, halitoki."

"Liache, mdogo wangu. Lenyewe angalau limenisubiri."

Asumini alicheka, kisha akaacha kucheka, akamsogezea kigoda.

Darajani Nyanjige alikuta swali. Lilisemwa kwa sauti ya chini ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mingi: "Hivi Specioza alikuwa akiimba wimbo gani akienda kuchota maji? Nimeusahau."

Specioza alikuwa mtoto wao pekee. Walimzika akiwa darasa la pili, na tangu siku hiyo Kasmiri hakulitaja jina lake. Nyanjige aliuimba wimbo wote mbele ya swali, kisha akageuka, akachechemea hadi nyumbani.

Kasmiri alikuwa amerudi kwa njia ya mkato, ameoga, anakunywa uji. Nyumbani hakuzungumza, maneno yake yote yalikuwa barabarani.

"Ni ule wa kunguru," Nyanjige alimwambia. "Wimbo wa Specioza."

Kasmiri alimtazama kama mtu anayengoja kuelezwa. Swali lilikuwa darajani. Yeye hakuwa nalo tena.

"Baba Specioza, kesho unisubiri darajani."

Alitikisa kichwa kukubali. Lakini kutikisa kichwa si neno, na kesho yake alilipita daraja kwa mwendo wake uleule.

Nyanjige alipofika, alikuta maswali mawili, la jana na jingine lilelile la leo, yamesimama bega kwa bega. Dereva wa lori la pamba alipunguza mwendo akayapisha, akampungia mkono. Nyanjige aliketi ukingoni, akanyoosha goti, akaliimbia la kwanza, kisha la pili.

Nanyi vijana mnaofunga ndoa na kununua viatu vya kukimbilia, sikieni, wala msinijibu kwa kutikisa vichwa: mwenye miguu mizima ndiye apunguze mwendo. Apunguze leo, angali anajua alichotaka kuuliza.