Mpaka Mtihani wa Mwisho

Padre Odilo alikuwa Gambera, yaani mkuu wa seminari ndogo ya wavulana iliyo kando ya barabara ya Makambako kwenda Njombe, na alikuwa mtu wa ratiba kweli kweli. Hata mbwa wa mlinzi walijua saa ya kunyamaza. Shule ilifaulisha, kwa hiyo nani angemwuliza?

Jumatatu moja ya Novemba, Filemoni alishuka kwenye kosta kutoka Makambako, viatu mkononi kwa ajili ya matope.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Gambera. Nimemfuata Fidelis. Dada yangu yuko hoi hospitalini, anamtaka mwanawe."

Fidelis alikuwa kiranja mkuu wa kidato cha nne, mtoto pekee wa Tereza, mjane wa Matembwe aliyemsomesha kwa kuchuma majani ya chai. Alibakiza mitihani mitatu. Na seminari ile ilikuwa na desturi yake: mtahiniwa haambiwi habari mbaya ya nyumbani mpaka amalize mtihani wa mwisho. Odilo aliikuta desturi hiyo, akaishika kama katekisimu.

"Ni siku tatu tu, mzee wangu. Alhamisi mchana nitampeleka mwenyewe. Mama yake angependa afaulu, si ndiyo?"

Filemoni aliinamia viatu vyake. "Sawa, Baba. Wewe ndiye unayejua."

Hapo mtu angetamani kumshika Filemoni mabega amtikise, lakini ndivyo tulivyolelewa, padre habishiwi.

Tereza alifariki Jumanne jioni. Filemoni alipiga simu, akasema dada yake alimwita mwanawe mpaka sauti ikakatika.

Jumatano asubuhi gari la maiti lilipita mbele ya geti likimpeleka Tereza Matembwe, wanawake wakiimba nyuma. Odilo alikuwa amesimama barazani. Kupitia dirisha la chumba cha mtihani alimwona Fidelis akiweka kalamu chini na kufanya ishara ya msalaba, kama alivyozoea kuwafundisha wadogo kila msiba unapopita. Kisha akaendelea kuandika.

Muda ulikuwepo bado. Angemtoa kijana, wangelipata lile gari kabla halijafika Kibena. Odilo alitazama saa: zimebaki dakika arobaini mtihani uishe. Akasubiri kengele. Kengele ilipolia, akasubiri tena, maana sasa aliogopa.

Alhamisi mchana alimwita ofisini akamwambia kwamba mama yake amefariki na amekwisha kuzikwa. Fidelis alisikiliza amesimama, mikono nyuma.

"Ni ile gari ya jana?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Alinitaja?"

Padre angeweza kudanganya, na uongo ulimfika mdomoni. "Alikuita mpaka sauti ikakatika. Mjomba wako alikuja kukuchukua Jumatatu. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Odilo alingoja kilio, alingoja matusi. Ngumi ndiyo aliyoitamani hasa. Miaka minne alimfundisha kijana huyu utii, akamsifu mbele ya wenzake, akampa ukiranja kwa sababu ya utii huo huo.

Machozi yalimtiririka Fidelis bila sauti. Hakuyafuta. Alinyoosha mgongo, kama anavyopaswa kusimama mseminari mbele ya mkuu wake.

"Baba Gambera," akasema, "naomba ruhusa ya kwenda nyumbani."